Ndege ya Kuundia Nyumbani na Maneno Yake

Lugha yetu ilipokutana na chombo kinachoruka haikuhangaika. Ilikitazama, ikakiita ndege, na shughuli ikaishia hapo. Na kwa kuwa jina lilikuwa tayari la kiumbe, viungo navyo vikaja bila kualikwa: bawa, mkia, pua, tumbo, na hata miguu kwa yale magurudumu. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuichora ndege na kuzitaja sehemu zake kubwa pasipo kuazima neno hata moja. Lakini mtu akitaka si kuichora bali kuiunda kwa mikono yake mwenyewe, akalala chini yake na spana mkononi, hazina ile hukauka upesi mno. Sisi tuandikao makala haya tu waalimu wawili wa Kiswahili, mmoja yuko Jinja na mwingine Mbale. Tumepata kuuona ukavu huo kwa macho yetu, na twaona ni vyema tuwasimulie wenzetu, maana jambo lenyewe si la lugha peke yake. Mna roho ya mtu ndani yake.

Kijana mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wetu, ambaye siku hizi huchomelea madirisha na mageti mjini Jinja, alijipatia michoro ya ndege nyepesi ya mtu mmoja, ya mabomba ya alumini na mabawa ya kitambaa. Aliungana na wenzake wawili walioko Mbale, mmoja seremala na mwingine fundi wa pikipiki. Wakagawana kazi: kiunzi kifanywe Jinja, mabawa yafanywe Mbale, chini ya jabali la Wanale. Yeye ni Msoga, seremala ni Mgisu, fundi wa pikipiki ni Mwateso. Kila mmoja ana lugha yake ya mama, Kiingereza cha vitabu kimewapita kando, na Kiswahili ndicho walichokutana nacho gereji. Michoro waliweza kuisoma, kwani mstari hauna kabila. Kilichowashinda ni maelezo yaliyoandikwa kando ya mistari. Kijana alitujia na furushi la karatasi akasema, “Waalimu, kukata najua, kuunga najua. Sijui hawa watu wanatuonya nini hapa katikati.”

Wasomaji walioko Tanzania na Kenya yamkini watashangaa kwamba tulilipokea ombi hili kwa furaha iliyopita kiasi. Lakini wao hawakulelewa mahali ambapo Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya kambi za askari. Hapa Uganda lugha hii ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1973, ikaingizwa katika Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua iwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Matangazo ni mengi. Mara ngapi, hata hivyo, mwalimu wa Kiswahili wa Busoga au Bugisu ameletewa kazi ambayo isipofanywa kwa Kiswahili haitafanyika kabisa?

Tuseme kwanza ndege nyepesi ni kitu gani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982, ambayo wachoraji wengi wa vyombo hivi huifuata, inataka chombo kiwe cha mtu mmoja, kisizidi kilo 115 hivi bila mafuta wala rubani, kisibebe zaidi ya lita 19 za petroli, wala kisipite mwendo wa kilomita 102 kwa saa. Chombo cha namna hiyo huko Marekani huruka bila leseni ya rubani. Huku kwetu mambo si hivyo: chochote kinachombeba mtu angani ni shauri la Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, na ndege iliyoandikishwa huvaa herufi zetu, 5X. Tulimwambia kijana habari hii siku ya kwanza kabisa, kabla ya kufungua furushi lake.

Wala wazo la kujiundia ndege si wazimu wa leo. Alberto Santos-Dumont, mwana wa Brazili aliyeishi Paris, aliunda kindege chenye uzito upatao kilo 110, tumbo lake likiwa la mianzi, na michoro yake akaitoa bure kwa kila aliyeitaka. Hayo yalikuwa kiasi cha mwaka 1909. Seremala wetu wa Mbale alipoelezwa alicheka sana, kwa sababu Wagisu huiendea mianzi ya Mlima Elgon kwa ajili ya malewa, yaani yale machipukizi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Alisema baba zake walikuwa wakiila ndege bila kujua.

Karibu nasi zaidi, mwaka 2011 magazeti ya nchi mbalimbali yaliandika habari za Chris Nsamba na wenzake wa African Space Research Programme, waliokuwa wakiunda ndege katika ua wa nyumba ya mama yake huko Ntinda, Kampala. Baadhi ya waandishi walilifanya jambo la kuchekesha. Sisi hatukuona cha kuchekesha. Mtu anayejifunza kupima, kukata na kuunga kwa usahihi wa milimita amejipatia elimu, chombo chake kiruke kisiruke.

Lakini yuko mwingine ambaye habari zake zilitupa hofu. Henri Mignet wa Ufaransa alirusha kindege chake mwaka 1933, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kumfundisha mtu yeyote kujiundia kama hicho. Alikiita chawa wa angani, na watu wa kawaida katika nchi nyingi za Ulaya wakakiunda katika mabanda na vyumba vyao. Kisha wakaanza kufa. Mabawa yake mawili, moja mbele na moja nyuma, yalikuwa yamekaribiana mno. Pua ikiinama kupita kiasi fulani, bawa la nyuma lilizidi kuinuka na chombo hakikuweza tena kunyanyua kichwa. Ilibidi kipimwe katika mashine kubwa za upepo huko Ufaransa na Uingereza ndipo kosa lijulikane, na mwaka 1936 urushaji wake ukazuiwa. Waliokufa hawakuwa wazembe. Walifuata kitabu neno kwa neno. Nasi ndio tuliokuwa tumepewa kitabu tukiandike upya kwa Kiswahili!

Juu ya fedha twaweza kusema kwa ufupi. Unafuu wa ndege hii si wa uongo, ila umejificha mahali pasipotazamiwa. Kitambaa cha polista hukazwa juu ya bawa kwa joto la pasi ileile ya nyumbani, mradi joto lake lipimwe. Mbao si nyingi, ingawa seremala alilazimika kuusahau mvule wake, ambao ni mgumu na wa kutegemewa lakini mzito mno kwa kazi ya angani. Alumini ndiyo iliyoleta ubishi. Kijana anayo tele ya madirisha, na kwa macho haitofautiani na ile inayotakiwa na michoro. Ukipima nguvu zake ni kama nusu tu. Tena ile inayotakiwa haichomelewi ovyo, kwa kuwa moto wa kuchomelea huyeyusha ugumu wote uliotiwa kiwandani. Hapana budi iungwe kwa bolti na ribiti. Fikirieni huzuni ya fundi wa kuchomelea anayeambiwa kwamba katika kazi kubwa ya maisha yake asichomelee.

Injini nayo ilikuwa na hadithi yake. Fundi wa pikipiki alitaka kutumia ya bodaboda, na nani atamlaumu? Mashariki ya Uganda ndiko biashara hiyo ilikozaliwa, kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia. Lakini injini ya bodaboda ya kawaida ina nguvu za farasi 8 hivi, na ndege hii yataka kama 28. Juu ya hayo, miji yetu yote miwili iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi, au zaidi kukiwa na jua kali. Farasi 28 wa Mombasa wakifika Jinja huwa 25. Hesabu hii tuliifanya pamoja nao kwa Kiswahili ubaoni, na hakuna aliyesinzia.

Sasa tufike kwenye maneno.

Mengi hayakutusumbua. Ule mhimili mrefu unaobeba bawa kutoka shinani hadi nchani tuliuita boriti, na kila mjenzi wa nyumba akaelewa kazi yake papo hapo. Vipande vinavyolipa bawa umbo lake vilituletea mabishano mafupi baina yetu wawili. Mmoja wetu alilitamani neno taruma, la waunda majahazi wa pwani, ambalo ni zuri na la kale. Mwingine aliuliza ni nani katika gereji ya Mbale amewahi kulisikia. Tukaandika mbavu. Rafadha tuliiacha ilivyo katika kamusi. Mafundi waliirudia mara mbili tatu wakaipenda, ingawa wakijisahau huiita panga. Kitovu cha uzito kilieleweka vizuri sana, kwa sababu yeyote aliyefunga mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli anajua gurudumu la mbele linavyokuwa jepesi.

Neno lililotukesha ni moja. Waingereza husema stall, na kwa bahati mbaya neno hilohilo hulitumia kwa gari ambalo injini yake imezimika. Maelezo ya michoro yalionya, tena kwa herufi nzito, kwamba jambo hilo lisiachwe litokee karibu na ardhi. Kabla ya kutujia, kijana alikuwa amekwisha kujifasiria: injini isizime karibu na ardhi. Akatueleza, kwa fahari ya mtu aliyejiandaa, jinsi atakavyoepuka hatari hiyo. Ataikanyaga petroli hadi mwisho, na mara magurudumu yatakapoachana na nyasi atavuta usukani kwa nguvu ili apande juu haraka, mbali na hatari. Tulitazamana. Alichokuwa akitueleza ni namna hasa ya kujiua.

Maana neno lile, katika habari za mabawa, halihusiani na injini hata kidogo. Bawa hubebwa na hewa inayopita juu na chini yake ikiwa imelishika. Likiinuliwa kidogo dhidi ya upepo hubebwa zaidi. Likiinuliwa mno, kiasi cha pembe ya nyuzi 15 au zaidi kidogo, hewa ya juu haiwezi tena kuufuata mgongo wake. Hubanduka, huvurugika, na bawa huanguka hata kama injini inanguruma kwa nguvu zake zote. Ndivyo alivyoanguka Otto Lilienthal wa Ujerumani mwaka 1896, naye hakuwa na injini ya kuzimika. Upepo ulimwinua pua, hewa ikambandukia, akaanguka na kufa kesho yake. Kinyume chake, injini ikizimika lakini pua ikiinamishwa vyema, ndege haianguki kama jiwe. Hushuka taratibu mithili ya mwewe.

Basi tuiteje hali hii? Kuzimika hakufai, kwa sababu tulizozieleza. Kukwama hakufai, maana kilichokwama husimama, nacho chombo hiki huporomoka. Kuishiwa upepo kulipendekezwa na mwenzetu mmoja wa shuleni, nalo lina utamu wa kishairi, ila ni uongo: upepo upo tele, tena unavuma usoni. Bawa kushindwa kungemfanya fundi adhani limevunjika, akaenda kuongeza bolti.

Jawabu lilitujia barabarani. Kutoka Jinja hadi Mbale, kwa kupitia Iganga na barabara ya Tirinyi, ni safari ya kilomita 140 hivi, na baada ya Namutumba barabara hunyooka kupita katika mabonde ya mpunga. Katika matatu mtoto aliyeketi mbele yetu alikuwa ametoa mkono dirishani, kama watoto wote wafanyavyo, akiucheza upepo. Kiganja kikilala, mkono ulitulia. Kikiinuka kidogo, mkono ulipaa. Kikiinuka sana, ulitupwa nyuma, ukaanguka. Mama yake alimkemea aurudishe ndani, na ni haki yake, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa. Hewa ilikuwa imemshika mkono, kisha ikamwacha.

Tukaandika: bawa kuachwa na hewa.

Hatukujua tumelenga shabaha kiasi gani mpaka tulipowasomea mafundi. Seremala alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo, Mwalimu, si kwamba hewa haipo. Ipo, ila imelichoka?” Tukamjibu ndivyo. Akauliza imelichokea nini. Tukasema, kwa kuwa limeinua pua kupita kiasi. Hapo kicheko kikalipuka gereji nzima, maana kila mmoja alikwisha kuona ndoa ya namna hiyo. Fundi wa pikipiki akatangaza kwamba bawa limepewa talaka kwa ajili ya maringo. Na walipouliza lifanyeje ili lipokewe tena, jibu lilikuwa tayari mdomoni mwao kabla hatujalitamka: lishushe pua. Ndipo tukalipata neno la pili bila kulitafuta, kurudiana. Rubani akishusha pua, bawa na hewa hurudiana, nayo ndege hubebwa tena, ikiwa mna nafasi ya kutosha chini yake. Karibu na ardhi hakuna nafasi ya kurudiana.

Wanaofundisha sarufi watapenda kujua kwamba tulijadiliana pia juu ya mnyambuliko. Mbona si kuachana, maadamu bawa na hewa huachana wote wawili? Tulikataa kwa sababu kuachana hugawa lawama nusu kwa nusu, na hapa hewa haina lawama yoyote. Kauli ya kutendwa humwelekeza rubani amtazame yule aliyetendwa na kuuliza alifanya nini. Mafundi wenyewe husema “bawa imeachwa”, kwa upatanisho wa Kiswahili cha huku kwetu. Darasani tungelisahihisha. Chini ya bawa hatukulisahihisha, wala hatuoni aibu.

Kijana alirudi Jinja kimya siku ile. Baada ya wiki moja alitupigia simu, akatwambia amefuta mpango wake wa kupaa kwa kuvuta, na kwamba hatairusha ndege mwenyewe mpaka afunzwe. Chuo kiko Soroti, mwendo usiozidi saa chache kutoka Mbale. Kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kikabaki kwetu. Ada ya urubani ni kubwa kuliko alumini, kitambaa na injini vikijumlishwa. Hili ndilo lisiloandikwa katika matangazo ya ndege za bei nafuu. Yeye ameanza kuweka akiba, na huku akitafuta rubani mstaafu atakayekubali kukitazama chombo. Kiwanja cha ndege cha Jinja kiko Kimaka, jirani na chuo cha kijeshi, mahali ambapo mtu hajitokezi tu asubuhi na kindege chake.

Kazi yenyewe haikusimama. Mwezi uliopita tulialikwa Mbale kushuhudia bawa likipimwa nguvu. Bawa hugeuzwa mgongo chini, hushikizwa shinani na kwenye nguzo yake kama litakavyoshikizwa chomboni, kisha hupakiwa mchanga, kwa sababu angani mzigo hulisukuma kutoka chini kwenda juu. Ndege na rubani na mafuta ni kilo 200. Michoro hutaka mabawa yastahimili mara nne ya uzito huo, yaani kilo 800, au 400 kwa kila bawa, ndiyo mifuko minane ya kilo 50. Watu wa mtaani walikusanyika, wengine wakiamini kwamba hiyo ni biashara mpya ya mchanga. Mfuko wa tano ulipowekwa ncha iliinama kama upana wa kiganja. Wa sita ulipowekwa tulisikia mlio mkali, na watu wakaruka nyuma. Kipande kidogo cha kushikizia nguzo kilikuwa kimejikunja. Kijana alipiga magoti akakitazama, akakichomoa, akakinyosha kwetu bila neno. Kilikuwa cha alumini ya madirisha, kimoja tu, kilichowekwa ili kuokoa fedha kidogo.

Kilibadilishwa. Siku kumi baadaye bawa lilibeba mifuko yote minane, na mifuko ilipoondolewa likarudi katika umbo lake, uzi wa kupimia ukaligusa pote palepale ulipoligusa kabla. La kushoto bado halijapimwa.

Limesalia jambo moja tunaloomba msaada wa wasomaji. Kile kibao chembamba kilicho ukingoni mwa bawa, karibu na ncha, ambacho kikipanda upande mmoja hushuka upande wa pili ili kuilaza ndege, mafundi wa Mbale wamekwisha kukiita sikio la bawa. Tumeliandika hivyo kwa muda. Lakini tunakumbuka kwamba mabaharia wa pwani huuita usukani wa chombo shikio, na sauti za maneno haya mawili zimekaribiana hata twahofu fundi atachanganya kibao cha bawani na usukani wa mkiani, navyo kazi zao ni mbalimbali. Wenzetu wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja walio na neno jema zaidi na watuandikie kabla bawa la kushoto halijavishwa kitambaa, kwani seremala ameahidi kuyaandika majina yote kwa rangi juu ya sehemu zake, na rangi ikishakauka hatakubali kuifuta.